Njia Ipi Hufunga Kwanza: Niliyojifunza Nikipima Hatari za Majanga Tana River

Mafuriko ya Mto Tana huja jua likiwaka. Mgeni akifika Hola au Garsen, miji ya kando ya mto huo, msimu huo hushindwa kuelewa: hakuna wingu, vumbi linatimka barabarani, na mto unapanda. Mvua imenyesha siku kadhaa nyuma, mbali sana na hapa, kwenye Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Maji yamepitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakaongezwa na mito inayoteremka kutoka Meru na Tharaka, yakafika Garissa, ndipo yakaanza mwendo wake wa pole kwenye tambarare zetu. Anayetazama juu ili ajue kama kesho kuna gharika anatazama anga isiyohusika.

Mimi ni mtoto wa Delta, kule mto unakoelekea kuingia baharini. Kazi ya kupima hatari za majanga niliianzia chini kabisa, nikizunguka na dodoso kijiji hadi kijiji, na baadaye nikawa katika timu zilizoandika tathmini za wadi za kandokando ya mto. Vijana wanaoingia kazini siku hizi huniuliza hatari inapimwaje mahali ambapo takwimu ni chache na vijiji vingine havimo hata kwenye ramani. Miongozo ipo, na si mibaya. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo miongozo haikuniambia.

Kaunti ya Tana River ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: zaidi ya kilomita za mraba 35,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 315,943 tu. Ukiutoa ukanda wa mto, sehemu kubwa ni nyika kavu. Wapokomo wanalima kingoni mwa mto, ndizi, mahindi, maembe, na mpunga kule Delta. Waorma na Wardei wanafuga, wakienda na mvua na kurudi mtoni nyika ikikauka. Juu kuelekea Madogo wapo Wamunyoyaya. Wapo wavuvi, wapo wafanyabiashara wa mjini, wapo waliohamia miradi ya umwagiliaji ya Hola na Bura wakabaki. Wote hao wanautegemea mto mmoja, lakini ukipanda hauwaumizi kwa namna moja, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa ngumu.

Ofisini kazi huanza na jedwali. Unaorodhesha vitisho: mafuriko, ukame, magonjwa ya mifugo, kipindupindu, moto wa nyika, migogoro ya malisho. Kila kimoja unakipa alama kwa uwezekano wake, alama nyingine kwa madhara yake, unazidisha, unapaka rangi. Kijani, njano, nyekundu. Ni njia inayoeleweka haraka na wakubwa wanaipenda kwa sababu inaingia kwenye ukurasa mmoja. Shida yake, ukiijaza kwa uaminifu Tana River, ni kwamba kila kijiji cha kando ya mto kinakuwa chekundu kwa mafuriko na kila kijiji cha nyika kinakuwa chekundu kwa ukame. Sasa umebaki na boti chache, turubai chache na mafuta ya kuhesabu, na ramani yako inakwambia kila mahali ni kubaya. Hilo hata chifu angekwambia bila dodoso.

Kilichonifungua macho kilikuwa kutembea. Tulikuwa kijiji kimoja kati ya Hola na Garsen, tukiuliza maswali ya kawaida: maji yalifika wapi mwaka ule, yalikaa siku ngapi, nyumba ngapi zilianguka. Wazee wanakumbuka vizuri. Gharika ya 1961 wanaisimulia kwa kurithi au kwa kuiona, ile ya El Niño ya 1997 wengi wanaionyesha kwa kidole kwenye shina la mwembe, na ya 2018 bado iko kwenye kuta za udongo kama mstari wa kahawia. Tuliandika yote. Mzee mmoja alituacha tumalize, kisha akasema, "Mwanangu, unauliza maji yalifika wapi. Mbona huniulizi yaliingilia wapi?"

Akatutoa nyuma ya kijiji, upande usiokuwa wa mto. Huko kuna mkondo wa kale, mto ulipopita zamani kabla haujahama, sasa ni bonde la nyasi ambalo mgeni hulivuka kwa pikipiki bila kulitambua. Mto ukipanda, maji hayaanzi kwa kuvuka kingo mbele ya nyumba. Yanachepuka juu huko, yanaingia mkondo wa kale, yanazunguka kijiji kwa nyuma, na mahali barabara inapolala chini ndipo yanapoikata. Nyumba zote zikiwa bado kavu, watu wakipika chai, kijiji tayari kimekuwa kisiwa. Maji kuingia vyumbani kunakuja baadaye, pengine kwa siku nyingi, pengine yasije kabisa mwaka huo.

Kwenye jedwali letu kijiji hicho na jirani yake vilikuwa na alama sawa. Kijiji jirani kiko chini zaidi, maji huingia ndani ya nyumba mapema, lakini kina njia ya kutokea kwenye mchanga wa juu ambayo haifungi. Watu wa huko hulowa, wanahama, wanarudi. Hawa wa kisiwa hukaa kavu wakiwa wamenaswa, na mwanamke akishikwa na uchungu usiku hakuna pa kumpitisha. Tangu siku hiyo, swali la kwanza ninalouliza kijijini ni njia ipi hufunga kwanza. Kina cha maji nakiuliza baadaye.

Na kwa swali hilo, usianze na wazee wala chifu. Waulize vijana wa bodaboda. Wao ndio wanaoijua barabara kwa tumbo, kwa sababu siku njia ikikatika nao wamekosa mapato. Watakwambia bonde lipi linaanza, lipi linafuata, pikipiki inapita hadi maji yafike wapi kwenye gurudumu, na baada ya habari kutoka Garissa kwamba mto umepanda inachukua muda gani mpaka wao waache kupita. Tulikaa nao kibandani, tukachora barabara nzima kwenye karatasi ya manila, kila bonde na jina lake. Majina mengine siwezi kuyaandika hapa kwa heshima ya wasomaji. Mchoro ule ulikuwa na manufaa kuliko picha nyingi za setilaiti nilizowahi kuletewa, ingawa picha hizo nazo zina kazi yake, hasa kuonyesha mikondo ya kale ambayo ukiwa chini huioni.

Habari za kutoka juu zenyewe zinahitaji kuelezwa. Kila msimu wa masika au vuli mvua zikizidi, redioni na kwenye simu husambaa neno moja: Masinga. Bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1981, ndilo kubwa kuliko yote katika mfululizo ule, na likifika kimo cha mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa. Maji ya ziada yanamwagika na kuteremka. Kampuni inayoendesha mabwawa hutoa tahadhari, na watu wa chini wanajua maana yake. Kwa hiyo vijijini kumeingia imani kwamba gharika ni Masinga na Masinga ni gharika: bwawa halijajaa, tulale. Lakini mito kama Mutonga, Kathita na Ura inaingia Tana chini ya Kiambere, bwawa la mwisho, na hakuna bwawa linaloizuia. Mvua kubwa ikinyesha Meru na Tharaka Nithi, mto unaweza kuvimba huku Masinga ikiwa bado ina nafasi. Nimekaa mabarazani nikieleza jambo hili na kuna wakati linapokelewa kama vile naitetea serikali. Hasira kuhusu mabwawa zina misingi yake, na maelezo kutoka juu mara nyingi hufika yakiwa yamechelewa. Ila anayepanga kuhama kwa kusubiri tangazo moja tu anajiweka pabaya, na tathmini isiyosema hivyo waziwazi inamsaidia kujiweka hapo.

Tukarudi kijijini. Kikao cha wanaume kilikwisha, wakapewa soda, na mwenzetu mmoja, dada aliyekuwa mjuzi kutuzidi sote, akasema wanawake tukae nao peke yao, chini ya mti mwingine, wanaume tusiwepo. Mimi sikuwepo, nilisoma alichoandika. Wanaume walikuwa wametaja mashamba, nyumba, ng'ombe, barabara. Wanawake walitaja vyoo kujaa na kumwaga visimani. Walitaja neti za mbu ambazo huachwa nyumbani kwa sababu mikono imejaa watoto. Walisema mume hubaki kulinda shamba na mama huenda kambini, na huko kambini ndiko msichana wa miaka kumi na minne anapokuwa hatarini kuliko alivyokuwa kwenye maji. Walisema kambi ni shule, na shule ikigeuka kambi muhula umekwisha.

Na walitaja nauli. Njia ikifunga, mwenye mtumbwi ndiye barabara, na bei yake hupanda siku hiyohiyo. Anayeishi na mwana mwenye kazi Mombasa hupokea pesa kwenye simu na kuvuka. Bibi mjane anayelea wajukuu husubiri boti ya msaada, ambayo ikija inaanza na kijiji kilicho karibu na lami. Dodoso letu lilikuwa linapima umaskini kwa kuhesabu mabati na redio. Wanawake walitupatia kipimo kilicho wazi zaidi: nani kijijini hawezi kulipa mtumbwi leo? Walitaja majina bila kusita, nyumba kwa nyumba. Orodha ile ilikwenda kwa naibu wa chifu na kwa wahudumu wa afya wa kijiji, haikuchapishwa, kwa sababu hakuna anayependa kutangazwa kuwa yeye ndiye asiyeweza.

Hadi hapo nilikuwa nazungumzia wakulima, na tathmini nyingi za mafuriko huishia hapo. Mwaka 2023 ulituonyesha sehemu iliyokosekana.

Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya Kenya. Tana River ilikuwemo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti kame, ikieleza kaunti iko kiwango gani: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kujikwamua, kwa kuangalia mimea kutoka setilaitini, umbali wa maji, bei ya mbuzi sokoni, na vipimo vya mikono ya watoto vinavyoonyesha utapiamlo. Nazisifu taarifa hizo. Ni mojawapo ya mambo yanayofanya kazi. Zilionyesha ukame ukikaza mwezi baada ya mwezi. Lakini hazikusudiwi kukwambia familia zimesogea wapi, na kusogea ndiko kulikokuwa kiini cha habari. Nyika ilipokwisha, wafugaji walisogea mtoni. Walipita kwenye malka, zile njia za kale za kupeleka mifugo majini katikati ya mashamba, ambazo nyingine zimebanwa na mashamba mapya na nyingine zimezibwa na mathenge, mti wa miiba ulioletwa miaka ya themanini upande wa Bura na Hola kwa ajili ya kuni, nao ukagoma kukaa ulipopandwa. Walijenga manyatta zao pale palipobaki nyasi. Nyasi zilibaki kwenye mabonde ya chini. Yaani kwenye mikondo ile ya kale.

Kisha vuli ya 2023 ikaja na El Niño. Mto ukapanda, na watu wa kwanza kuzingirwa hawakuwa wale wa kwenye orodha zetu za vijiji. Walikuwa familia zilizofika pale kwa sababu ya ukame, na mifugo iliyodhoofika kiasi kwamba kilomita chache za matope zilikuwa safari ya kufa. Mfugaji mmoja wa Kiorma aliniambia mbuzi waliovumilia kiangazi chote walikufa kwa baridi ya mvua usiku wa kwanza, wakiwa wamelowa. "Njaa haikuwamaliza," akasema, "mvua tuliyoiomba ndiyo iliyowamaliza."

Tangu hapo sikubali tena tathmini ya mafuriko na tathmini ya ukame ziandikwe na timu mbili zisizozungumza. Katika kaunti kama yetu ukame ndio unaopanga nani atakuwa bondeni siku maji yakija. Kwa hiyo kabla ya vuli napenda kujua mambo mawili: taarifa ya ukame inasema nini, na manyatta ziko wapi wiki hii. Swali la pili jibu lake haliko ofisini. Liko kwenye soko la mifugo Garsen siku ya mnada, na kwa vijana wanaochunga, ambao wana simu na ukiwapa muda wa maongezi watakwambia kila kambi ya ng'ombe iko wapi.

Maji yakipungua hesabu haijafungwa. Kipindupindu hufuata, kama kilivyotufuata baada ya maji hayo. Kwa mifugo kuna homa ya Bonde la Ufa, iliyotusumbua baada ya El Niño ya 1997 na tena mwisho wa 2006 kuingia 2007. Mbu wake huzaana kwenye madimbwi yanayobaki, na dalili ya mwanzo ni kondoo na mbuzi kuharibu mimba kwa wingi, jambo ambalo wafugaji huliona muda mrefu kabla ya daktari yeyote. Namba ya simu ya daktari wa mifugo wa wadi iwe mikononi mwa wachungaji kabla ya mvua. Gharama yake ni karatasi.

Sasa nije kwenye lililo gumu kuliko yote, ambalo kwenye ramani huonekana rahisi: watu wahamie wapi. Unachukua ramani ya miinuko, unatafuta ardhi ya juu isiyofikiwa na maji, unaipaka kijani na kuandika "eneo salama". Nimeona ramani za namna hiyo zikipitishwa mkutanoni kwa makofi. Lakini ardhi ya juu Tana River ni malisho. Ina watu wake, ina njia za ng'ombe, ina makaburi. Mwaka 2012 mapigano ya Delta kati ya wakulima na wafugaji yaliua zaidi ya watu mia moja kufikia mwanzo wa mwaka uliofuata, na chanzo hakikuwa chuki ya kuzaliwa nayo. Kulikuwa na mvutano wa maji, malisho, ardhi na siasa za uchaguzi. Ukiwapandisha Wapokomo mia kadhaa kwenye malisho ya Waorma bila kuulizana, umeyahamishia madhara ya mto mahali pengine.

Mahali nilipoona jambo hili likifanywa vizuri, hatukuanza na ramani. Wazee wa gasa, baraza la jadi la Wapokomo, walikaa na wazee wa Kiorma, chifu akiwepo lakini akinyamaza, na yaliyozungumzwa yalikuwa madogomadogo. Hema zitapigwa upande gani ili ng'ombe wapite asubuhi? Kuni zitakatwa wapi? Maji ya kunywa yakiletwa na lori, manyatta za jirani nazo zitachota? Watu watakaa hadi lini, na nani atatoa neno la kurudi? Na je, kuna atakayedai baadaye kwamba kwa kuwa alilala pale basi pamekuwa pake? Swali hilo la mwisho ndilo lililochukua alasiri nzima. Jibu waliloafikiana ni kwamba hakuna kujenga kwa udongo wala kupanda mti; turubai tu. Mtu asiyewafahamu atasema ni sharti la kikatili kwa watu waliopoteza nyumba. Mimi nililiona kuwa ndilo lililofanya mlango ufunguliwe tena msimu uliofuata.

Maofisa wageni huuliza kila mara: kwa nini watu hawa hawahami moja kwa moja? Maji yanawatoa kila baada ya miaka michache, wanarudi palepale. Naelewa kinachowauma, lakini mto ukifurika ndio unaomwaga tope jipya shambani. Mpunga wa Delta unasubiri maji hayo. Samaki huzaana kwenye maziwa madogo yanayojazwa na gharika. Na kuna jambo linalowatisha watu wa mto kuliko mafuriko: mto kuhama. Mwaka 1989 Tana ulibadili njia karibu na Hola, ukauacha mradi wa umwagiliaji bila maji, na maisha ya familia zilizotegemea mashamba yale yakakauka kwa miaka mingi. Kule chini karibu na Kipini na Ozi hofu ni ya namna nyingine: maji ya mto yakipungua, bahari hupanda na kuingiza chumvi mashambani, na miembe na minazi hufa ikiwa imesimama. Katika majedwali niliyoletewa hapakuwa na mstari wa mto kuhama wala wa chumvi. Palikuwa na mstari wa tetemeko la ardhi, kwa sababu fomu ilitungwa kwingine.

Kwa hiyo ukimwambia mkulima wa kando ya mto kwamba unapima hatari ya mafuriko, yeye anasikia nusu ya jambo. Hasara anaijua, faida pia anaijua, na hesabu yake ni ya miaka mingi kuliko muhula wa bajeti. Kuna waliohamishiwa mbali na mto, wakajengewa, na bado wana kibanda shambani wanakolala msimu wa kufukuza nyani na kuvuna. Siku ya gharika watakuwa huko. Tathmini inayowahesabu kwenye makazi mapya itakuta nyumba tupu na kushangilia mafanikio, huku watu wenyewe wako juu ya mwembe.

Tulichokubaliana mwishowe kukiandika ni ukurasa mmoja kwa kila kijiji, kwa Kiswahili, wenye mpangilio wa matukio badala ya alama. Mto ukisomeka kiwango fulani Garissa, bonde fulani hufunga baada ya muda fulani. Kabla halijafunga, hawa ndio wa kutoka kwanza: wajawazito waliokaribia, wagonjwa wa dawa za kila siku, wazee wasiotembea. Chakula cha shule kipelekwe kabla ya hapo. Boti iwekwe wapi, mafuta yake yatunzwe na nani, nani anajua kuiendesha na ana jaketi za kuokolea. Hili la jaketi si urembo. Mwisho wa Aprili 2024, katika mafuriko yaliyoua karibu watu 300 nchi nzima, boti iliyokuwa ikivusha abiria kati ya Garissa na Madogo ilipinduka kwa sababu lami ilikuwa imezama na watu hawakuwa na njia nyingine. Kwenye jedwali la zamani vifo hivyo vingeingia chini ya "mafuriko". Kwenye ukurasa wetu vinaingia chini ya barabara.

Barabara nyingine ya kuiangalia ni ile ya Minjila kwenda Lamu. Maji yakiikata maeneo ya Gamba na Lango la Simba, Lamu inanaswa, na upande wetu unga, sukari na petroli hupanda bei hadi vijiji visivyoona hata tone la mafuriko. Wafanyabiashara wa Garsen huweka akiba mapema kwa kumsikiliza dereva wa lori. Nilimshauri ofisa mmoja wa akiba ya chakula awe anakunywa chai na madereva hao. Alicheka, lakini baadaye alinipigia kuuliza wanakaa hoteli gani.

Fedha ni suala jingine. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Kilichonifundisha ni kwamba hazina hiyo huulizwa swali moja, "kimetokea nini?", wakati pesa inayookoa watu ni ile inayotumika kabla hakijatokea kitu. Ukurasa wenye mpangilio wa matukio ulitusaidia hapo. Mhasibu hawezi kuidhinisha mafuta ya boti kwa sababu ramani ni nyekundu. Anaweza kuyaidhinisha ukimwonyesha kwamba kipimo cha Garissa kimepita alama iliyokubaliwa mwezi wa pili, kwamba barabara itafunga ndani ya siku chache, na kwamba baada ya hapo mafuta hayohayo hayatafika kwa lori.

Karatasi hizi zinachakaa haraka. Kila mto ukipanda unakata kingo mahali papya, unaziba mkondo mmoja na kufungua mwingine, na bonde lililokuwa la mwisho kufunga linaweza kuwa la kwanza. Kwa hiyo baada ya masika huwa tunarudi na vijana wa bodaboda, tunaitandika ile karatasi ya manila, na wao wanasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mara ya mwisho walifuta bonde zima, wakachora jingine juu zaidi karibu na malka, mahali ambapo maji ya 2024 yalitoboa ukingo. Kijiji kilichokuwa katikati ya orodha ya kupelekewa boti kikapanda hadi juu yake, na chifu wa kijiji kilichoteremshwa amekwishaniandikia akitaka maelezo.